Jina katika Ubeti wa Mwisho: Sauti Zisizo na Mwenyewe katika Nchi ya Dhahabu

Mshairi wa magazetini wa zama za Mambo Leo alikuwa na ada ambayo msomaji wa leo huipita haraka. Alipofika ukingoni, baada ya kutamka kaditama, alijitaja. Alitaja jina lake, pengine na la babake, kisha mji aliokuwamo. Na chini ya shairi pakachapwa anwani. Wako waliolichukua jambo hilo kuwa pambo tu, au majivuno ya mtu anayetaka ajulikane. Lakini jina lile lilikuwa na kazi. Lilikuwa ni mlango ulioachwa wazi, ili aliyechomwa na beti zilizotangulia ajue pa kupelekea jibu. Malumbano yote ya ushairi wa Kiswahili, kuanzia yale ya Mvita na Lamu katika enzi ya Muyaka hadi yale yaliyojaza kurasa za magazeti ya karne ya 20, yalisimama juu ya mlango huo. Huwezi kulumbana na mtu asiye na jina. Utakuwa unazungumza na ukuta.

Swali la mtu anayesema bila kujitaja limerudi kwa nguvu tangu kila mwenye simu awe na uwezo wa kutuma neno lake mjini na vijijini pasi na kutia sahihi. Limejadiliwa sana na mawakili, na kwa uchache sana na watu wa fasihi, ingawa watu wa fasihi ndio wenye ushahidi mkongwe zaidi. Na mahali pa kulipima si lazima pawe Dar es Salaam wala Mji Mkongwe. Ukanda wa dhahabu wa Shinyanga na Geita ndio uliolijaribu swali hili kwa moto, kwa kuwa huko sauti isiyo na mwenyewe imewahi kuwa kinga ya mnyonge, na imewahi pia kuwa panga shingoni mwake.

Kwanza yafaa kuitenga siri ya maana na siri ya jina, kwani huchanganywa mno. Fasihi ya pwani inapenda siri, hilo halina ubishi. Ila siri yake imekaa katika maana. Mwanamke aliyevaa kanga yenye maneno makali anaonekana na jirani yake. Kilichofichika ni kama maneno yale yanamhusu jirani huyo au la. Mwimbaji wa taarab husimama jukwaani uso wazi, naye anayeimbwa ndiye asiyetajwa. Na palipotokea dhuluma iliyopita kiasi, hata fumbo liliwekwa kando. Siti binti Saad, katika wimbo wa Kijiti, aliimba kisa cha mauaji yaliyotokea Unguja, ambamo mtuhumiwa alivuka bahari akaenda zake ilhali adhabu iliwaangukia wanawake waliokuwa wamefuatana na marehemu. Mtuhumiwa alitajwa kwa jina. Na sauti iliyomtaja ilijulikana na kila aliyekuwa na santuri. Uzito wa wimbo ule unatokana na hapo. Mwanamke aliyetoka Fumba, mjuzi wa kufinyanga na kuuza vyungu, alikuwa anaisahihisha mahakama ya mkoloni, na alikuwa tayari kuulizwa.

Msomaji wa visiwani huenda akadhani ada hii ya kujitaja ni mali ya pwani peke yake. Sivyo. Kusini mwa Ziwa Viktoria, katika nchi ya Wasukuma, jina la mtunzi limefungwa ndani ya wimbo kwa namna kali kuliko popote penye Kiswahili. Vyama viwili vikubwa vya ngoma, Bagika na Bagalu, vimeshindana huko tangu karne ya 19. Baada ya mavuno, hasa kati ya Juni na Agosti, makundi mawili huwekwa uwanja mmoja, kila kundi upande wake, na mshindi ni yule aliyevuta watu wengi zaidi. Hapana jopo la majaji. Miguu ya watazamaji ndiyo inayopiga kura. Mtunzi, ambaye Wasukuma humwita ningi, humsema mpinzani wake, ukoo wake, ubahili wake, dawa zake zilizochacha. Na huyo mpinzani yupo palepale, hatua chache, akisubiri zamu. Kesho yake atajibu mbele ya umati uleule.

Frank Gunderson, aliyekusanya zaidi ya nyimbo 300 za kazi za Wasukuma katika kitabu Sukuma Labor Songs from Western Tanzania, kilichotoka 2010, alifanya jambo ambalo wakusanyaji wengi wa kabla yake hawakujali. Hakuridhika kuandika tu kwamba wimbo ni wa "Wasukuma". Alitafuta nani ameutunga na nani ameuimba. Tangu zama za wamisionari na maofisa wa ukoloni, ushairi wa watu wa bara umekuwa ukipewa mwandishi mmoja anayeitwa kabila. Huko nako ni kumnyang'anya mtu jina, na kumefanywa kwa kalamu nzuri na nia njema. Kwa hiyo ikisemwa kwamba umma wa vijijini "kwa asili" husema bila majina, ukumbukwe mkono uliyafuta majina hayo.

Ukanda huu huu ulikuwa na mtunzi wa Kiswahili ambaye kwake siri ya maana ilifanya kazi yake sawasawa. Saadani Abdu Kandoro alikuwa miongoni mwa waasisi 17 wa TANU mwezi Julai 1954, katika ujumbe wa Jimbo la Ziwa, jimbo ambalo serikali ya kikoloni ililifungia chama hicho kwa takriban miaka 4 tangu mwishoni mwa 1954. Kabla ya hapo alikwisha kutunga shairi la siafu waliomkasirikia nyoka, ambalo baadaye liliingia katika diwani yake, Mashairi ya Saadani. Fumbo lenyewe si gumu. Wadogo wengi wanamkabili mmoja mkubwa, na yeyote aliyelipa kodi ya kichwa alijua nyoka ni nani. Wahakiki wanaopenda mafumbo mazito wameliona jepesi, na kwa kipimo chao wana haki. Lakini wepesi huo ndio ustadi wake: lilieleweka na aliyekusudiwa kueleweshwa, na likampa mtunzi neno la kusema iwapo angeitwa bomani, kwamba yeye amezungumza habari za wadudu. Jina lake lilikuwa juu ya shairi. Alichoficha ni nyoka. (Walinzi wa jadi walioibuka Kahama mwanzoni mwa miaka ya 1980 nao walijiita sungusungu, jina la aina nyingine ya chungu wang'atao. Watu wa upande ule wana maelewano ya siku nyingi na wadudu.)

Siasa za wakati wa Kandoro zilikuwa na ada hiyohiyo. Mwaka 1958 watu wa Geita waliukataa utaratibu wa baraza la wilaya la mchanganyiko wa rangi uliowekwa juu yao. Walikwenda kwa miguu hadi Mwanza kulalamika, wakatawanywa kwa mabomu ya machozi. Hawakuwa kivuli, walikaa nje mchana kweupe, kila mmoja akionekana na mwenzake na na polisi. Mwaka huohuo Julius Nyerere alishtakiwa kwa makala iliyochapwa katika Sauti ya TANU ikiwashutumu maofisa wawili wa wilaya. Hakusema kwamba hajui nani ameandika. Aliibeba, akatozwa faini ya shilingi 3,000.

Basi kama mkondo ni huo, wa pwani na wa bara, mtu angeweza kumaliza hoja hapa na kuwahukumu wote wasiojitaja kuwa ni waoga waliotoka nje ya ada. Hukumu hiyo ingekuwa rahisi, na ingekuwa ya dhuluma. Bulyanhulu inaikataa.

Tarehe 30 Julai 1996 wachimbaji wadogo waliokuwa Bulyanhulu, wilayani Kahama katika Mkoa wa Shinyanga, waliamriwa kuondoka ili eneo lishikwe na kampuni tanzu ya Sutton Resources ya Kanada. Wiki ya kwanza na ya pili ya Agosti mashimo, ambayo wenyewe huyaita maduara, yalifukiwa kwa matingatinga. Ikadaiwa kwamba zaidi ya watu 50 walikuwa bado chini. Serikali ikakanusha, kampuni ikakanusha. Mwaka 1999 Barrick ikainunua Sutton, na 2001 mgodi mkubwa ukaanza kutoa dhahabu. Wanasheria wa LEAT, akiwamo Tundu Lissu na Rugemeleza Nshala, walikwenda kukusanya majina na maelezo ya jamaa na ya walioshuhudia. Ofisi ya malalamiko ya Benki ya Dunia, katika ripoti yake ya 2002, haikuyaona madai ya mauaji kuwa na msingi; LEAT wakaipinga ripoti hiyo. Wito wa tume huru haukukubaliwa. Waliokwisha kushtakiwa kwa uchochezi walikuwa ni wale waliotia majina yao katika madai.

Hapa jambo la jina linageuka juu chini. Kinachotakiwa na mwenye nguvu ni majina mawili: jina la aliyekufa, ili pathibitike kuwa amekufa mtu, na jina la anayesema, ili ajulikane wa kushtakiwa. La kwanza linaombwa kama sharti la kuaminiwa, na la pili linapopatikana hutumiwa kumnyamazisha aliyelitoa. Mjane wa mchimbaji aliyetoka mbali, ambaye mumewe hakuwa katika daftari la mwajiri yeyote kwa kuwa hakuwa na mwajiri, atayatoaje yote mawili? Na kama akisema bila ya jina lake, ni fasihi gani ya pwani iliyo na haki ya kumwambia kwamba ameikosea ada ya kaditama? Ada ile ilikuwa ya watu ambao mhariri wao aliketi ofisini akiwa na anwani zao, na ambao adhabu kubwa waliyoitazamia ilikuwa ni shairi la kujibiwa.

Abdilatif Abdalla aliijua tofauti hii. Karatasi yake ya 1968, Kenya: Twendapi?, ilisambazwa kwa siri, na maana yake haikuwa na fumbo hata chembe. Ilipojulikana ni yake alifungwa miaka 3. Na mashairi aliyoyatunga gerezani, yaliyotoka 1973 kwa jina la Sauti ya Dhiki, yana jina lake juu ya jalada na mafumbo ndani. Ni mtu mmoja, na shauri lake halikubadilika. Penye maana iliyo uchi alilificha jina. Penye jina lililo wazi aliivisha maana. Wengi wamezisoma kazi hizo mbili kama siasa na kisha ushairi. Zasomeka vizuri zaidi zikiwa ni majibu mawili ya swali moja: nini kifichwe ili neno lifike?

Lakini ukanda wa dhahabu hauruhusu msomaji astarehe katika kumhurumia asiyejitaja. Nchi hiyohiyo ya Shinyanga na Mwanza, tangu miaka ya 1970 na 1980, imewazika vikongwe waliouawa kwa kushukiwa uchawi, wengi wao wanawake. Shutuma hizo hazikuwa na mtunzi. Zilianza kwa "inasemekana", zikazunguka kisimani na kilabuni, na mwisho wake ukawa ni mapanga usiku. Hapana aliyesimama uwanjani kama ningi kusema "mimi namshutumu fulani", kwani angesimama angeweza kujibiwa. Bibi mwenye macho mekundu kwa moshi wa kinyesi cha ng'ombe alihukumiwa na shairi fupi lisilo na ubeti wa mwisho.

Kisha ikaja Machi 2009. Kufuatia mauaji ya watu wenye ualbino katika Kanda ya Ziwa, serikali ya Waziri Mkuu Mizengo Pinda iliendesha kura za siri, ambapo wananchi waliandika majina ya wale waliowashuku, bila ya kuandika yao. Nia ilikuwa ni kuwatoa hofu wanaojua. Hofu ilikuwapo kweli, na waliokuwa wakiuawa walistahili kila jitihada. Hata hivyo karatasi ile, ikitazamwa kama andiko, ni kinyume kamili cha ada ya mshairi wa Mambo Leo: jina la mtuhumiwa limeandikwa, jina la mtuhumu halipo, na katikati hapana hata neno moja, si siku, si mahali, si kitendo. Jirani mwenye kinyongo cha shamba na jirani aliyeona damu kwa macho yake waliandika kitu kilekile. Miezi michache baadaye, Septemba 2009, Mahakama Kuu iliyoketi Kahama iliwahukumu kifo watu 3 kwa kumuua mtoto mwenye ualbino. Hukumu hiyo ilifikiwa kwa njia nyingine, ya mashahidi wanaosimama, wanaoapa na wanaoulizwa maswali.

Kati ya mjane wa Bulyanhulu na karatasi ya kura pana tofauti, na mhakiki ana wajibu wa kuieleza kwa lugha ya andiko lenyewe, asikimbilie kusema kwamba huyu ni mwema na yule ni mbaya. Haitoshi kusema kwamba mnyonge anaruhusiwa kujificha na mwenye nguvu haruhusiwi, kwani anayemnong'ona kikongwe naye mara nyingi ni mnyonge, na mwenye nguvu naye hukodi ndimi zisizo na majina. Tofauti iko katika kile kinachowekwa mahali pa jina lililoondolewa. Mwenye kusema kwamba duara fulani, upande fulani, lilifukiwa asubuhi fulani, na ndani yake alikuwamo kijana aliyetoka kijiji fulani, amejitoa yeye na kuweka vitu ambavyo mwingine aweza kwenda kuvitazama. Akikosea, atasahihishwa bila ya yeye kutafutwa. Mwenye kusema kwamba fulani ni mwizi, fulani ni mchawi, fulani ameuza kijiji, kisha akanyamaza, hakuweka kitu. Ameliondoa jina lake, na mahali pake pamebaki shimo ambamo msomaji atatia chuki yake mwenyewe. Andiko la kwanza ni ushahidi ambao umekosa sahihi. La pili halingekuwa ushahidi hata lingetiwa sahihi saba.

Kwa kipimo hicho, maneno mengi yasiyo na mwenyewe yanayozunguka wakati wa ugomvi wa kijiji na mgodi, au wa wananchi na diwani wao, huanguka. Huanguka kwa uvivu zaidi kuliko kwa uovu. Yana hasira bila ya mahali. Inasikitisha, kwa kuwa lugha ya ukanda huo ina utajiri wa mahali na vitu. Magwangala, yale mawe ya mabaki ambayo watu wa Geita waliyadai kwa mgodi mwaka hadi mwaka, ni neno ambalo Kiswahili cha pwani hakikuwa nalo, nalo limebeba ndani yake sheria, njaa na nyundo. Makinikia lilipanda hadi kila baraza la kahawa nchini mwaka 2017, makontena 277 yalipochunguzwa bandarini. Mtunzi mwenye maneno kama hayo mkononi hana sababu ya kutukana.

Sheria imelishughulikia swali hili kwa mkono usiotulia. Mwaka mmoja, 2015, Tanzania ilipata sheria ya kuwalinda watoa taarifa na mashahidi, na ikapata pia Sheria ya Makosa ya Mtandao, iliyofungua njia ya kudai utambulisho wa anayesema. Desemba 2016 Maxence Melo, mwanzilishi wa JamiiForums, alikamatwa, na katika mashtaka yaliyofuata lilikuwamo la kuzuia upelelezi, kwa kutowapa polisi taarifa za watu waliosema bila ya kujitaja. Aprili 2020 mahakama ya Kisutu ilimtia hatiani katika shauri mojawapo, akatozwa shilingi milioni 3. Tarakimu hiyo inaikumbusha ya 1958 pasi na kutafutwa, ingawa kosa limepinduka. Nyerere alitozwa kwa kuwa aliyachukua maneno kuwa yake. Melo alitozwa kwa kuwa hakutaka kusema yalikuwa ya nani.

Lililosahaulika katika mabishano hayo ni kwamba magazeti ya Kiswahili yalikuwa na utaratibu wa tatu. Mshairi aliruhusiwa lakabu. Amiri Sudi Andanenga alijiita Sauti ya Kiza, na wasomaji walimpenda kwa jina hilo. Lakini lakabu ilikuwa ni nyumba yenye mlango: ilidumu na mtu wake miaka na miaka, ikajengewa sifa, ikalumbwa, ikajibu, ikaona haya ilipokosea vina. Na nyuma yake alikuwapo mhariri, aliyelijua jina la kweli na aliyekuwa na kazi mbili zisizotengana, kumlinda mtunzi dhidi ya mwenye nguvu, na kumlinda raia dhidi ya mtunzi. Shairi la kumchafua mtu asiye na uwezo wa kujibu lilirudishwa, hata likiwa na vina vilivyotimia. Lenye ukweli wa hatari liliwekwa, likaulizwa, likapelekewa mtu wa kulithibitisha, na lilipochapwa mhariri ndiye aliyeitwa kituoni.

Vijiji vya Msalala na Geita havina mhariri wa namna hiyo. Vina mwenyekiti wa kijiji, ambaye mara nyingi ndiye anayelalamikiwa. Vina ofisa wa uhusiano wa mgodi, anayelipwa na mgodi. Na vina kisanduku cha maoni ukutani, chenye kufuli, ambacho ufunguo wake uko kwa anayelalamikiwa. Baningi bado wapo, na kila Juni huko Bujora, karibu na Mwanza, ngoma za Bulabo hukusanya Bagika na Bagalu kama zilivyokusanya tangu enzi ya Padri David Clement. Wanaimba kilimo, nyoka, nungunungu, wapinzani wao na wao wenyewe kwa majina. Orodha ya majina iliyokusanywa Bulyanhulu imebaki katika mafaili ya mawakili, kwa Kiingereza.